Malori Yangu Yanapita Mikumi Kila Siku, Mimi Nyumbani Naenda Mara Mbili kwa Mwaka

Nikimwambia mtu wa Dar kwamba natoka Magomeni, swali linalofuata nalijua: "Magomeni ipi? Mapipa, Kagera au Mikumi?" Nikijibu Kilosa anacheka, anadhani namtania. Wadau, Magomeni ipo Kilosa, mkoa wa Morogoro, na Mikumi ya kwetu ni ile yenye tembo wanaovuka lami. Mimi ni mtoto wa huko, nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, na haya ninayoandika leo nimeyaweka moyoni zaidi ya miezi tisa.

Kwa sasa naishi Lubumbashi, Kongo. Ni meneja wa operesheni wa kampuni ya usafirishaji ambayo sitaitaja, maana bado ndiyo inanilipa. Malori yetu yanatoka bandari ya Dar yamebeba salfa na mitambo ya migodi, yanapita Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, yanavuka Tunduma kuingia Zambia, yanafika Kasumbalesa, halafu Lubumbashi. Yakirudi yanabeba shaba. Ni karibu kilomita 2,000 kwenda tu. Kazi yangu ni kuhakikisha kila lori linafika, na kama halijafika, niwe na jibu.

Wengi mnanijua kwa picha. Ile ya kahawa uwanja wa ndege wa Addis ndiyo iliyotembea sana. "Dada umeyapatia maisha." "Nifundishe mchongo." Sikuwaonyesha miguu iliyovimba, wala kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti saa sita nikisubiri ndege iliyoahirishwa. Wiki yangu ya kawaida ni hivi: Jumatatu Lubumbashi, Jumanne Kasumbalesa naangalia foleni ya malori isiyoonekana mwisho, Alhamisi Ndola, Ijumaa Johannesburg kwenye kikao cha saa mbili nikielezwa mambo niliyoyaandika mimi mwenyewe kwenye ripoti. Nina laini nne za simu. Kadi yangu ya homa ya manjano imechakaa kuliko cheti changu cha kuzaliwa. Kuna asubuhi nimeamka hotelini nikakaa kitandani dakika nzima nikijiuliza niko nchi gani, nikaangalia soketi ya ukutani ndiyo nikajua.

Sitaki kuwadanganya, hela ipo. Nimesomesha wadogo zangu wawili, nimejenga. Ila kuna vitu hela hiyo haivifikii, na nitafika huko.

Kwanza niwape Lubumbashi kidogo, maana mji wenyewe naupenda. Kiswahili chao kitakunyoosha. Ugali wanaita bukari, kisamvu ni sombe, hela ni franga. Dola ndiyo inatawala, lakini noti yako ikiwa na mpasuko hata wa ukubwa wa ukucha hakuna anayeipokea, utazunguka nayo kama mtu aliyebeba karatasi ya ubuyu. Mwezi wangu wa kwanza niliwaambia wenzangu ofisini, "Nisubirini kidogo, namtumia bibi hela." Mhasibu akaacha kuandika. Akaniangalia. "Madame, uko na bibi?" Nikasema ndiyo, ninaye mmoja tu, nampenda sana. Ofisi nzima kimya. Kumbe kule bibi ni mke.

Nilipomsimulia bibi mwenyewe kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Yeye tangu zamani ananiita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Akasema, "Basi waambie ndiyo, tena huyo ni mke mkubwa."

Kuhusu kuwa bosi mgeni kwenye nchi ya watu, nitasema kwa ufupi. Kuna Wakongo pale ofisini wanaoona kiti changu kilipaswa kuwa chao, na kiukweli hawakosei sana. Mimi mwenyewe nimekulia Kilosa, wilaya iliyojaa hadithi za mameneja wa kigeni. Kule Kimamba na maeneo ya jirani kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na mengi yalikuwa ya Wagiriki. Bibi alifanya kazi huko akiwa msichana, kabla mashamba mengi ya mkonge hayajataifishwa mwaka 1967. Alikuwa anaanika singa juani. Kwake yeye neno "meneja" lina picha moja tu: mwanaume mwenye kofia, anakaa nyumba ya mlimani, anashuka kwa gari, anahesabu watu kwa kidole na kuondoka.

Siku nilipompigia kumwambia nimepanda cheo, nimekuwa meneja, nilitegemea vigelegele. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Hao watu wako unawajua majina?"

Nikamwambia bibi, wako zaidi ya mia na hamsini, na mfumo una majina yao yote.

"Sijauliza mfumo," akasema.

Nilicheka, nikabadilisha mada.

Sasa niwaeleze ule mfumo. Kila lori lina kifaa kinachoonyesha liko wapi. Mimi kwenye kompyuta naona ramani yenye alama za kijani zinazotembea. Lori likisimama mahali pasiporuhusiwa zaidi ya nusu saa, alama inakuwa nyekundu na mashine inapiga kelele. Sababu ni mafuta. Dereva akisimama vichochoroni, mara nyingi kuna mtu na dumu anasubiri kunyonya dizeli. Siongezi chumvi, nimewahi kukamata lori lililouza mafuta mpaka likazimika lenyewe porini.

Na kila siku, wadau, kila siku ya Mungu, hizo alama za kijani zinapita Mikumi. Zinaingia hifadhini, zinapunguza mwendo kwenye matuta, zinatoka upande wa pili mjini. Hapo mjini ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Kilosa. Kuna wakati nilikuwa naacha kazi nikiiangalia ile kona kwenye skrini. Nilikuwa nchi ya tatu, naangalia njia ya kwetu kwa juu kama ndege.

Februari 2023 alama moja ilisimama Mikumi. Saa tano asubuhi. Nikapiga simu ya dereva, haipatikani. Saa sita bado nyekundu. Saa nane bado. Mzigo ulikuwa wa mteja mkubwa na Johannesburg walikuwa wanaiona ileile ramani. Saa kumi na moja jioni lori likaanza kutembea kama vile hakuna kilichotokea.

Dereva alikuwa mtu mzima, wa miaka hamsini na kitu. Nitamwita Mzee T. Alipofika Lubumbashi nilimwita ofisini. Aliingia ameshika kofia, nikamwamkia shikamoo kama kawaida, halafu nikamuuliza saa sita zile alikuwa wapi. Akasema, "Bosi, mama yangu anaumwa. Nilimpeleka hospitali. Simu iliisha chaji."

Nitawaambia nilichofikiria wakati ule, maana nimeahidi kusema ukweli. Nilifikiria: huyu naye. Mameneja wa malori wote watawaambia, mama za madereva huwa wanaumwa sana. Mama mmoja anaweza kufa mara tatu kwa mwaka. Mafuta yalipopimwa yalikuwa kamili, lakini kanuni ilikuwa imevunjwa na alikuwa na onyo la nyuma la mwaka 2021. Sikumuuliza hospitali gani. Sikumuuliza mama ana tatizo gani. Nilimsogezea karatasi, akasoma polepole, akasaini. Akasema, "Asante Bosi," akatoka. Ilichukua kama dakika kumi na moja. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na kikao kingine robo saa baadaye na niliwahi.

Jioni ile nilikula samaki pale mtaani kwangu, nikalala vizuri. Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka mmoja ukapita. Machi 2024, mvua kubwa, saa mbili usiku Lubumbashi, yaani saa tatu nyumbani, maana tunapishana saa moja. Simu ya binamu yangu. "Dada, bibi yuko Ulaya ameanguka."

Msicheke. Kilosa tuna sehemu inaitwa Ulaya, unaipita ukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Bibi alikuwa anapenda kusema yeye kafika Ulaya kabla yangu. Alikuwa amekwenda kwenye msiba wa mdogo wake, akateleza uani kwenye matope usiku ule, na sasa hawezi kusimama wala kukaa. Anasema kiuno. Hakuna gari pale, bodaboda haiwezi kumbeba mtu aliyevunjika kiuno kwenye utelezi, na kila gari waliloulizia Kilosa mjini jibu lilikuwa asubuhi.

Mtu akikwambia umefanikiwa, jaribu kuwa mbali namna ile usiku ule. Ningeweza kununua tiketi ya ndege kwa simu ndani ya dakika tano. Ningeweza kulipia chumba cha hospitali Dar. Nilichokuwa nahitaji ni mtu mwenye gari, mwenye roho, aliye karibu na Ulaya, na sikuwa namjua hata mmoja. Nilianza kupiga simu za watu niliosoma nao. Wengi wako Dar. Mmoja yuko Kanada.

Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Alama ya kijani ilikuwa inatoka hifadhini kuingia Mikumi mjini.

Nikampigia dereva, kijana mmoja tu. Nikamwambia simama hapo. Akasema, "Bosi, hapa hairuhusiwi, mfumo utanisoma." Nikamwambia, "Simama. Mfumo ni mimi." Nikamweleza. Nikamwomba atafute gari lolote, bei yoyote. Akasema subiri.

Alama ikawa nyekundu. Mashine ikapiga kelele. Kuna kitufe cha kubonyeza kinachoandika kwamba tukio limeshughulikiwa na meneja. Nilikibonyeza kwa kidole kilekile, nikiangalia Mikumi ileile.

Baada ya dakika ishirini kijana akanipigia. "Bosi, nimepata mtu wa Noah, ni mzee namwamini, ameshaondoka." Sikuuliza jina. Angalieni, hata usiku ule sikuuliza jina.

Saa saba usiku binamu akapiga. Wamefika hospitali. Yule mzee wa Noah alikwama mara mbili kwenye tope, akavua viatu akasukuma na vijana wa pale. Alikuwa amekuja na godoro kutoka kwake, wakalitandaza nyuma ili bibi alale asitikiswe. Njia nzima alikuwa anamsemesha asilale. Nikasema nipe namba yake nimlipe sasa hivi.

Laini yangu ya Tanzania huwa siizimi. Nikaandika namba, nikaandika laki tano, nikafika pale inapokuonyesha jina la mtu kabla hujaweka namba ya siri.

Mnajua lile jina lilikuwa la nani.

Nililisoma mara nne. Majina matatu, yaleyale yaliyokuwa kwenye karatasi niliyomsogezea. Nikaweka namba ya siri, nikatuma. Kabla sijajua nifanye nini, simu ikatoa mlio: nimepokea shilingi laki tatu na nusu kutoka kwake. Nauli ilikuwa laki moja na nusu. Iliyozidi alirudisha.

Nikampigia. Nikasema, "Shikamoo Mzee." Akaitikia marahaba. Sikujua kama anajua ni mimi, halafu akasema, "Bosi, bibi amelala. Daktari anasema inaonekana hakijavunjika, ila asubuhi watapiga picha. Lala na wewe."

Nilitaka kusema vitu vingi, kikatoka kimoja. "Mama anaendeleaje, Mzee?"

"Alifariki, Bosi. Mwaka jana mwezi wa tano."

Nikasema pole. Akasema tumeshapoa. Kukawa na kelele za mvua kwenye simu, sijui ni za kwake au kwangu, maana Lubumbashi nako ilikuwa inanyesha. Halafu akasema anahitaji kuwahi kurudi kabla mto haujajaa, akakata.

Watu wasiotoka Kilosa hawaelewi tunaposema mto. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia kwenye nyumba za watu. Reli ya kati ikakatika kwa miezi. Sisi tulilala kwenye mahema na mamia ya familia nyingine. Nilikuwa na miaka 19, na nilimwambia bibi ndani ya lile hema kwamba nitamjengea nyumba ya juu ambayo maji hayafiki. Alisema sawa, lala. Hiyo ahadi ndiyo iliyonipeleka chuo, ikanipeleka Dar, ikanipeleka Lubumbashi. Na nyumba nimejenga, mwaka 2021, vigae, madirisha ya aluminiamu, sofa. Bibi anatumia sebule kuweka magunia ya mahindi. Sofa bado lina nailoni. Yeye analala chumba cha nyuma karibu na jiko, anasema kule mbele kunatisha kwa ukubwa.

Nilifika Kilosa siku ya tatu baada ya kuanguka kwake. Kiuno kilikuwa kizima, ilikuwa ni mshtuko na umri. Alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Akanitazama, akatabasamu, akaniita kwa jina la mama yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Nilidhani ni utani. Baada ya muda akanirudia, "Ah, mke mwenzangu, umekuja lini?" Lakini lile la kwanza sikulisahau, na tangu hapo limetokea tena, kwenye simu, mara tatu nilizohesabu.

Mikumi nilikwenda siku iliyofuata. Mzee T anaishi nyumba ya tofali za kuchoma isiyo mbali na barabara kuu, malori yetu unayasikia ukiwa ndani. Mkewe alituletea chai. Nilimwomba msamaha, na niwaambie, kuomba msamaha ukiwa umezoea kusaini karatasi ni kazi. Nilianza na maelezo ya kanuni, mzigo, mteja, nikajisikia nilivyo, nikaacha. Nikasema tu, "Mzee, nilikukosea. Sikukuuliza."

Alizungusha kikombe kidogo. Akasema, "Nilikasirika, Bosi. Nilikasirika sana. Mama alikuwa ananiuliza kila siku kwa nini siendi safari." Halafu akaniuliza mvua za Kongo zikoje, kama vile mtu anakufunika shuka.

Kumrudisha kazini nilijaribu. Watu wa rasilimali watu walisema mkataba ulivunjwa kihalali na umri wake unakaribia ukomo. Nilipompelekea habari kwamba nitaendelea kupigania, alisema niache, Noah inamtosha na analala nyumbani. Nimeandika pia pendekezo kwamba dereva mwenye familia njiani apewe saa nne za kusimama kwa kila safari, kwa taarifa, bila adhabu. Johannesburg wamejibu kwamba wanalifanyia tathmini. Wale wanaojua ofisi wanajua maana yake. Kwa sasa nakibonyeza kile kitufe mwenyewe, madereva wakinipigia. Siku moja watanihoji idadi yake. Na ndiyo, kuna mmoja tayari amenidanganya, nikagundua mafuta pungufu lita 60. Nimemfukuza. Ila yeye nilimuuliza kwanza, tena kwa muda mrefu.

Nimekuja kuandika haya kwa sababu mwezi Novemba kampuni ilinipa ofa: Dubai, mkuu wa kanda nzima, mshahara ambao sitautaja kwa sababu binamu zangu wanasoma hapa. Wanataka jibu mwisho wa Januari. Rafiki zangu wote wanasema nenda, unafikiria nini. Mmoja akaniambia bibi ameshakula chumvi nyingi, wewe bado. Sikumjibu.

Sikukuu hii nilikuja nyumbani kwa treni ya umeme, Dar mpaka Kilosa. Zamani ilikuwa basi mpaka Msamvu, basi jingine kupita Dumila, vumbi mpaka kwenye meno. Sasa unakaa kwenye kiti unaangalia mbuga ya Mkata dirishani, na kabla hujamaliza soda unasikia Kilosa inatangazwa. Stesheni nilipokelewa na Noah. Yeye ndiye anampeleka bibi kliniki kila mwezi, na nauli yake ni ileile ya watu wote, tumeshagombana kuhusu hilo nimeshindwa.

Jioni tulikaa nje ya jiko, bibi anapukuchua mahindi ingawa nimemkataza. Nikamweleza habari ya Dubai. Nikamwambia ni mbali kuliko Kongo, lakini ndege ni moja tu mpaka Dar. Akasikiliza, akauliza, "Huko hakuna mafuriko?"

Nikamwambia yapo, Aprili 2024 mvua ilinyesha mpaka uwanja wa ndege ukajaa maji.

Akatikisa kichwa. Akapukuchua gunzi zima kimya kimya. Halafu akaniambia nikamwite Mzee T aingie ale, gari halikimbii, na akamtaja majina yake yote matatu.